Shaba, Bei, na Njia ya Kwenda Baharini

Tarehe 29 Mei, 1935, umati wa wachimba migodi Waafrika ulikusanyika mbele ya ofisi za mgodi wa Roan Antelope, mjini Luanshya, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni jirani yetu Zambia. Watu hao walikuwa wamegoma kwa sababu kodi ya kichwa katika sehemu za migodi ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 12 na nusu hadi shilingi 15. Serikali ya kikoloni ilipeleka polisi. Mawe yalirushwa, risasi zikafyatuliwa, na watu sita wakapoteza maisha yao. Miaka mitano baadaye, mwezi Aprili 1940, mambo hayo yalitokea tena katika mgodi wa Nkana, mjini Kitwe. Safari hii walioitwa kutuliza ghasia walikuwa wanajeshi, na waliokufa walikuwa 17.

Maafisa waliotoa amri walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida waliozipokea amri hizo walikuwa Waafrika, ndugu wa wale waliosimama mbele yao. Taarifa ya tukio kama hilo huandika tarehe, mahali, idadi ya watu na idadi ya risasi zilizotumika. Haiandiki ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Leo tungependa kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa ni jambo linalowahusu sana watu wanaovaa sare na kushika silaha. Mara nyingi askari huitwa mwishoni mwa mambo ambayo yalianza miaka mingi kabla ya siku yake, na mbali sana na kituo chake.

Ugomvi wa Luanshya ulianzia katika masoko ya London na New York. Mwaka 1929 uchumi wa nchi za kibepari ulianguka. Viwanda vya Marekani na Ulaya vikaacha kununua nyaya, mabomba na mitambo, na kwa hiyo vikaacha kununua shaba. Katika Rhodesia ya Kaskazini migodi kadhaa ilifungwa. Wafanyakazi Waafrika, ambao mwaka 1930 walikuwa kiasi cha 30,000, walipungua hata kufikia chini ya 8,000 mwishoni mwa mwaka 1932. Waliobaki kazini walilipwa mishahara midogo, na serikali iliyopungukiwa na fedha ikawageukia kwa kodi. Basi bei iliyoshuka London ikageuka kuwa kodi Luanshya, na kodi ile ikaleta mgomo, na mgomo ukaleta risasi.

Ili tuelewe vizuri historia hii, hatuna budi kurudi nyuma zaidi.

Wazee wa Unyamwezi wanalikumbuka jina la Msiri. Alikuwa Mnyamwezi kutoka sehemu za Tabora, mwana wa mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda Katanga kununua shaba. Katikati ya karne ya 19 Msiri alihamia huko, akajenga mji wake Bunkeya, akatawala nchi kubwa iliyojulikana kwa jina la Garanganze. Nguvu yake haikutokana na wingi wa mikuki peke yake. Alikuwa na shaba, pembe za ndovu na, kwa bahati mbaya, watumwa. Na alikuwa na njia mbili za kupeleka bidhaa hizo baharini: moja ya mashariki mpaka Bagamoyo na Unguja, na nyingine ya magharibi mpaka Benguela katika Angola. Kwa njia hizo alipata bunduki na baruti. Mwenye mali na njia alikuwa na silaha, na mwenye silaha alikuwa mfalme.

Habari za shaba hiyo zikawafikia mabeberu. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa na hati ya Malkia wa Uingereza, ilimtuma Alfred Sharpe kwa Msiri ili atie sahihi mkataba. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma msafara mwingine chini ya Kapteni Stairs, kwa niaba ya Kampuni ya Katanga. Msafara huo ulipitia pwani yetu, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi walioajiriwa huku. Tarehe 20 Desemba, 1891, Msiri aliuawa kwa risasi na ofisa mmoja wa msafara huo. Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda: waliogombea nchi ile, upande mmoja na upande mwingine, walikwenda kwa jina la kampuni. Bendera ya serikali ilikuja na daftari la mfanyabiashara. Mpaka unaozitenganisha Zambia na Kongo leo ni alama ya mashindano ya makampuni hayo.

Baada ya kupata nchi, wakubwa hao walitafuta njia. Reli kutoka kusini ilifika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mwaka 1906, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi. Shaba ikaanza kuteremka kusini kupitia Rhodesia ya Kusini hadi bandari ya Beira. Reli hiyo ndiyo iliyoamua siasa za nchi zile kwa miaka zaidi ya 60. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, kusini. Mashine na bidhaa za dukani zilitoka kusini. Ilipoundwa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland mwaka 1953, fedha za shaba ya kaskazini zilitumika kujengea kusini. Hata lilipojengwa bwawa la Kariba juu ya mto Zambezi, mitambo ya umeme iliwekwa kwanza katika ukingo wa kusini. Hali kadhalika kampuni ya Rhodes, ingawa iliacha kutawala mwaka 1924, iliendelea kupokea mrabaha wa madini mpaka mwaka wa uhuru, 1964.

Huko Kongo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku 11 baadaye Moise Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga. Je, jimbo moja lingewezaje kulipa askari na mamluki wa kupigana na serikali halali? Jibu ni kwamba kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, ililipa kodi zake kwa Tshombe badala ya kuzilipa Leopoldville. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari, 1961. Septemba mwaka huo huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa safarini kutafuta suluhu ya ugomvi wa Katanga. Vita hivyo vilikwisha Januari 1963. Baadaye Rais Mobutu aliliita jimbo hilo Shaba, na chini ya jina hilo likavamiwa tena mwaka 1977 na mwaka 1978. Katika uvamizi wa mwaka 1978 askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji walishuka Kolwezi, mji wa migodi. Wakuu wao walisema wanakwenda kuokoa raia wa Ulaya, na ni kweli kwamba raia wengi walikuwa hatarini. Lakini ni kweli pia kwamba mji ule ulikuwa chimbuko la shaba na kobalti iliyohitajiwa na viwanda vyao.

Turudi Zambia. Bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 24 Oktoba, 1964. Zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za mapato ya nje zilitokana na shaba, na karibu shaba yote ilipita mikononi mwa watu wasioupenda uhuru huo. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na wenzake walijitangazia utawala wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini. Uingereza iliweka vikwazo, lakini vikwazo hivyo viliiumiza Zambia kabla ya kumuumiza Smith. Smith alikuwa ameishika njia, na Zambia ilikuwa haina nyingine iliyo tayari.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipoingia katika historia ya shaba. Kwanza mafuta yalipelekwa Zambia kwa ndege. Halafu yakaja malori, yakipita vumbi na tope mwaka mzima katika barabara ambayo watu waliiita njia ya jehanamu, kwa jinsi ilivyomeza magari na madereva. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lenye urefu wa kilometa 1,700 na zaidi. Ilibaki reli. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha kuupima mpango wa reli hiyo kwa hesabu za faida na hasara, wakaona haufai. Kwa hesabu za duka hawakukosea sana. Lakini mtu anayekabwa shingo hapigi hesabu ya faida ya kuvuta pumzi. China ilikubali kutoa mkopo usio na riba. Mapatano yalitiwa sahihi Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa serikali mbili. Watu wakaiita Reli ya Uhuru. Wafanyakazi wa Kichina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na wako waliozikwa katika ardhi yetu.

Ndugu wasikilizaji, kama hadithi ingekomea hapo ingekuwa hadithi ya ushindi tu. Lakini njia ni nusu moja ya jambo. Nusu ya pili ni bei. Mwaka 1969 Zambia ilichukua asilimia 51 ya hisa za makampuni ya migodi, na mwaka ule ikachimba shaba zaidi ya tani 700,000. Mgodi ulikuwa wa taifa, mhandisi aliajiriwa na taifa, na reli ya kwenda baharini ilikuwa inajengwa. Hata hivyo bei iliendelea kupangwa katika soko la madini la London, na watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona Kitwe.

Aprili 1974 tani moja ya shaba iliuzwa London kwa paundi 1,400 hivi. Kabla mwaka haujakwisha, bei ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Wakati huo huo bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda mara nne, na bei za mashine, mbolea na dawa nazo zilikuwa zinapanda. Zambia, Zaire, Chile na Peru, waliokuwa wameunda umoja wao wa wauza shaba mwaka 1967, walijaribu kupunguza uzalishaji ili kuinua bei, wakashindwa. Nchi nyingine ziliendelea kuuza, na viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa na akiba na vyuma chakavu vya kuyeyusha upya. Mwaka 1974 migodi iliipa serikali ya Zambia karibu nusu ya mapato yake yote. Mwaka 1977 haikuipa karibu chochote.

Matokeo ya kushuka kwa bei hiyo yalionekana hata katika vita vya ukombozi. Agosti 1975 reli ya Benguela ilifungwa kwa sababu ya vita vya Angola. Mpaka wa Rhodesia, ambao Rais Kaunda aliukataa tangu mwaka 1973, ulibaki umefungwa. Mzigo wote ukaielemea bandari ya Dar es Salaam na reli ambayo haikuwa na mabehewa wala vichwa vya treni vya kutosha. Oktoba 1978, mbolea ya wakulima ikiwa imekwama na msimu wa mvua ukikaribia, Rais Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini. Uamuzi huo haukuwafurahisha majirani zake, lakini mahindi hayangoji. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia walivuka na kulipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara, wakaikata TAZARA. Kisha wakuu wa Rhodesia wakazuia mahindi yaliyokuwa yakipita kwao kwenda Zambia. Wanajeshi wanaelewa maana ya mpango huo: mahindi nayo yalikuwa yamefanywa silaha.

Ni haki kueleza pia kwamba silaha hiyo ilikata kuwili. Machi 1976 Msumbiji, iliyokwisha kuwa huru, ilifunga mpaka wake, na Rhodesia ikazikosa bandari za Beira na Maputo. Njia pekee iliyobaki ilipita Afrika Kusini. Waziri Mkuu Vorster, kwa sababu zake mwenyewe, alipopunguza mwendo wa mafuta na risasi zilizopelekwa kwa Smith, Smith alikiri hadharani, Septemba 1976, kuwa utawala wa walio wengi hauna budi kuja. Wapiganaji wa uhuru walimwaga damu yao, na bila wao kusingekuwa na mazungumzo yoyote. Lakini walipokutana wote London mwishoni mwa mwaka 1979, hapakuwa na aliyefika pale bila kuhesabu reli, mafuta na chakula vilivyobaki nyumbani. Mapatano yalitiwa sahihi Desemba 1979, na Zimbabwe ikawa huru tarehe 18 Aprili, 1980.

Zambia ilitoka vitani ikiwa na heshima kubwa na madeni makubwa. Ilikuwa imekopa kwa kutumaini kwamba bei ya shaba itapanda tena. Haikupanda. Kufikia mwaka 1990 deni la nje lilikuwa kiasi cha dola bilioni 7. Wakopeshaji, wakiongozwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, walitaka serikali iondoe ruzuku katika chakula. Desemba 1986 bei ya sembe ilipanda zaidi ya mara mbili. Miji ya migodi ikalipuka: maduka yalivunjwa, magari yakachomwa, na watu wapatao 15 wakauawa. Serikali ilirudisha bei ya zamani, na tarehe 1 Mei, 1987 Rais Kaunda akaachana na masharti ya shirika hilo. Lakini deni halikuondoka. Juni 1990 bei ilipandishwa tena zaidi ya mara mbili, na safari hii Lusaka ndiyo iliyowaka, na zaidi ya watu 20 wakafa. Alfajiri ya tarehe 30 Juni Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika kituo cha redio akatangaza kuwa jeshi limechukua serikali. Haikuwa kweli, na baada ya saa chache alikamatwa. Lakini katika saa hizo chache watu walimiminika barabarani wakishangilia. Hawakuwa wakimshangilia Luteni Luchembe, ambaye hawakumjua. Walishangilia kwa sababu ya unga.

Ndugu askari, tuitazame picha hii kwa makini. Mwaka 1935 risasi zilifyatuliwa kwa amri ya mkoloni. Mwaka 1986 na 1990 askari walikuwa wa taifa huru, chini ya kiongozi aliyeheshimiwa Afrika nzima, na mama aliyekuwa akipanga foleni ya sembe alikuwa raia mwenye haki zote. Walakini walikutana pale pale, katika miji ile ile, kwa sababu ile ile ya bei iliyopangwa mbali. Uhuru ulibadilisha mambo mengi, lakini haukubadilisha uzani wa mizani ile ya London. Wala si haki kuyatupa makosa yote London. Nchi iliyoweka matumaini yake yote katika bidhaa moja, na iliyoacha mashamba yake yapungukiwe wakati shaba ikiwa ghali, ilikuwa imejiweka yenyewe katika hatari.

Zambia iliepukana na shimo ambalo nchi nyingine zilitumbukia. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanywa tarehe 31 Oktoba, 1991. Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishinda, na Rais Kaunda alikabidhi madaraka kwa amani. Jeshi lilibaki kambini. Migodi iliuzwa kwa makampuni ya kigeni, na mauzo hayo yakakamilika mwaka 2000, wakati uzalishaji umeshuka hadi tani 250,000 hivi. Kisha viwanda vya China vikaanza kununua kwa wingi, na bei ikapanda tena. Zambia ikakopa tena. Na Novemba 2020 ikashindwa tena kulipa deni lake. Nayo habari ya njia imerudi. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi maafikiano ya kuifufua TAZARA, wakati nchi za magharibi zikiweka fedha zao katika reli inayotoka Katanga kwenda bandari ya Lobito huko Angola. Njia mbili za Msiri, ya mashariki na ya magharibi, zinagombewa upya, kwa kuwa dunia ya magari ya umeme inahitaji shaba na kobalti kuliko wakati wowote uliopita.

Je, mtu anayelinda daraja au anayesimama mbele ya umati apate nini katika historia hii? Askari hapangi bei ya shaba wala ya sembe. Lakini anaweza kujua anacholinda na anaowakabili. Daraja la Chambeshi halikuwa chuma na saruji tu. Lilikuwa mbolea, mahindi na mshahara wa watu mamilioni, na adui alilijua hilo kuliko walinzi wengi. Na umati wa Kitwe haukuwa jeshi la adui. Ulikuwa watu waliosikia bei mpya asubuhi wakaona kwamba jioni watoto watalala na njaa. Mwizi aliyevunja duka siku ile alikuwa mwizi, na sheria ilikuwa na haki ya kumshika. Lakini ofisa anayejua tofauti ya mwizi na mwenye njaa, na anayejua hali ile ilitoka wapi, ataitoa amri yake ya kwanza kwa namna nyingine, na huenda asihitaji kuitoa ya pili.

Wahenga walisema, mwangaza mbili moja humponyoka. Kwa muda mrefu majirani zetu walilazimika kuangaza macho mawili kwa pamoja: moja kwenye njia ya bahari, jingine kwenye bei ya soko. Walipoipata njia, bei iliwaponyoka. Katika miaka hii ambapo njia zinajengwa upya na bei inapanda, nchi zote za ukanda huu, pamoja na yetu inayozipitisha bidhaa zao, hazina budi kuuliza swali la pili mapema: bei ikishuka tena, ni nani atakayeitwa barabarani, na atakwenda kumkabili nani?